Karamu ya Sirisia

Taarifa ya mshukiwa ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi, na Inspekta Nelima alikuwa ameirudia mpaka chai yake ikapoa.

*Ni mimi nilichukua. Ilikuwa ni karamu tu, afande. Karamu tu.*

Aliyeiandika ni Koplo Kigen, Jumamosi jioni, kwa mwandiko wake mnene wa herufi zilizosimama kama askari kwenye gwaride. Mshukiwa, Hesbon Khaemba, alitia sahihi, akarudishwa seli, na tangu hapo hakufungua mdomo ila kwa uji.

"Sasa hapo kuna nini ya kufikiria, Madam?" Kigen aliuliza. Alikuwa kijana wa Endebess, mchapakazi, mwepesi wa kufunga faili kuliko kulifungua. "Nimempigia simu chifu wa kwao Sirisia. Jana kulikuwa na harusi, ng'ombe imechinjwa. Huyu ameiba, ameuza, amechangia karamu. Kesho asubuhi tunampeleka kortini."

"Ameuzia nani?"

"Hiyo tutajua."

"Kwa hivyo hatujui."

Kigen akakuna shingo. Nelima akachukua ufunguo wa gari. Ilikuwa Jumapili, kengele za makanisa ya Kitale zikiitana, na hakimu angekaa kitini kesho yake. Mtu akishasomewa shtaka la wizi, hata akiachiliwa baadaye, jina halirudi safi kama lilivyotoka. Nelima alikuwa amewaona wengi wa namna hiyo.

Walianzia kwenye karakana. Mhandisi Rosaline Jerop alikuwa amekodi vyumba viwili nyuma ya duka la mbegu, na aliwafungulia mlango akiwa na macho mekundu ya mtu aliyelia na hataki kuulizwa. Hesbon alikuwa msaidizi wake tangu karakana hiyo ilipokuwa meza moja na taa moja.

"Mlango haukuvunjwa," alisema. "Ufunguo tunao sisi wawili tu. Ijumaa jioni glavu ilikuwa hapa." Alionyesha mkono wa mbao uliosimama mezani, mtupu. "Jumamosi asubuhi nikakuta hivi. Nikampigia Hesbon, hashiki. Ndiyo nikakuja kwenu."

"Niambie hiyo glavu ni kitu gani, kwa Kiswahili cha mtu aliyeanguka fizikia."

Jerop akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza siku hiyo. Alitoa kwenye sanduku kifuko cha plastiki kisichozidi kidole, chembamba kama vile vifuko vya njugu karanga vinavyouzwa stendi. Ndani mlikuwa na mafuta. Nje, pande zote mbili, kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi.

"Ushawahi kusugua kichana kwa nywele, halafu kikavuta vipande vya karatasi? Huo ni umeme tuli. Hapa ni vilevile. Nikiweka umeme, pande hizi mbili zinavutana. Zikivutana, mafuta yanakimbilia upande mmoja, na kifuko kinajikunja. Nikitoa umeme, kinalegea. Ni msuli, lakini wa plastiki."

Alikifunga kifuko hicho kwa uzi kwenye gunzi la mahindi, akabonyeza swichi ya kidude kidogo chenye betri. Gunzi likainuka, likatulia hewani, likashuka.

Kigen alikuwa ameinama mpaka pua ikakaribia meza. "Kwa hivyo, Madam, tunatafuta juala la mafuta? Na si majuala yalipigwa marufuku?"

"Ya kubebea sukari ndiyo yalipigwa marufuku," Jerop alisema. "Msuli huu mmoja bei yake haishindi soda na andazi. Mikono ya bandia inayotoka ng'ambo ina mota, na bei yake watu wetu wanaiona kwa picha tu. Mimi nimeshonea misuli hii kwa glavu. Mtu ambaye vidole vyake vimelala, glavu inavifunga kwa niaba yake. Kesho wageni wa hospitali wanakuja kuiona. Wakiipenda, tutatengeneza nyingi. Wasipoiona, sina kitu cha kuwaonyesha."

"Kidude cha umeme pia kiliibwa?"

"La. Cha glavu kilikuwa kwa droo yangu, nimefunga. Hakukigusa."

Nelima akainua macho. "Mwizi amechukua gari, ameacha injini?"

Jerop akaivuta droo kuhakikisha kwamba bado imefungwa.

"Glavu hiyo ina hatari kwa mtu?"

"Inaweza kukuuma kidogo ukiishika vibaya. Haiui. Lakini sina kibali cha kumvalisha binadamu, Inspekta. Nimeijaribu kwa huu mkono wa mbao tu. Wageni wakisikia nimemvalisha mtu kabla ya kibali, wanaweza kufunga karakana. Hesbon anajua hiyo kuliko mtu yeyote."

"Na kitu gani kinaweza kuiharibu?"

"Unyevu. Ikinyeshewa, umeme unatoroka, inalala kama soksi. Tunaiweka mahali pakavu kila siku."

Waliporudi kituoni, Nelima alimtoa Hesbon seli na kumkalisha kwenye benchi. Alikuwa mwanamume mpana wa mabega, mwenye mikono ya mtu aliyekulia nyuma ya mafahali.

"Hesbon, glavu iko wapi?"

Hesbon akavitazama viganja vyake.

"Uliuza?"

Hesbon akatikisa kichwa, kisha akakumbuka kwamba alikuwa ameamua kutojibu, akaacha kutikisa.

"Kesho utasomewa shtaka."

"Niandike mwizi, Madam," akasema polepole. "Niko tayari. Rakini Enjinia asiurizwe kitu. Yeye hajui kitu."

Nelima alimtazama hadi akarudishwa ndani. Mwizi kwa kawaida hutafuta wa kumbebesha mzigo wake. Huyu alikuwa anatafuta namna ya kuubeba peke yake, tena kwa niaba ya mwanamke aliyemshtaki. Kwenye simu ya Hesbon, iliyokuwa imehifadhiwa kabatini, namba aliyoipigia mara nyingi siku ya Ijumaa ilikuwa ya fundi mmoja wa Bungoma mjini aitwaye Mukhwana.

"Huyo ndiye mnunuzi," Kigen akasema, akipiga kiganja.

"Twende tukamuulize amenunua nini."

Fundi Mukhwana walimkuta nje ya kibanda chake cha kutengeneza redio na simu, ametoka kanisani, bado yuko ndani ya suti. Alipoona vitambulisho alifuta kiti mara mbili kwa leso, ingawa hakuna aliyeketi.

"Hesbon alikuuzia nini Ijumaa?" Nelima alianza.

"Kuniuzia? Si ni yeye alinunua, bana. Laketi."

Kigen aliyekuwa anaandika akasimamisha mkono. "Nini?"

"Laketi. Za mbu."

"Laketi ni kitu gani?"

"Raketi, Kigen," Nelima akasema bila kugeuza kichwa. "Ile ya kuulia mbu. Ukishavuka Kamukuywa kuja huku Bungoma, L na R hubadilishana viti. Zoea." Kisha akamrudia fundi. "Raketi nzima?"

"Zimekufa. Wavu imelaluka. Alisema wavu hataki, anataka vile vya ndani. Nikamuunganishia mbili pamoja ndio zipande nguvu. Nilimuuliza ni ya nini, akasema ni ya kushukulu mtu."

"Kushukuru nani?"

"Hapo sikuuliza. Mtu akishukulu, unauliza ni kwa nini?"

Walipanda gari tena. Nelima aliendesha mpaka wakatoka nje ya mji ndipo akasema, "Ndani ya raketi ya mbu mna nini?"

"Betri," Kigen akajibu.

"Na saketi inayopandisha umeme wa betri mpaka ukamkaanga mbu. Umeme wa aina ile ile aliotuonyesha Jerop. Hesbon hakuweza kufungua droo, akajitengenezea injini yake. Mtu anayepeleka mali sokoni hahangaiki kuiwasha. Anayehangaika kuiwasha anataka ifanye kazi. Ifanye kazi kwa nani?"

"Lakini karamu, Madam. Amekiri mwenyewe ni ya karamu."

"Ndiyo," Nelima akakubali, na neno lile likamkwama tena kama mwiba wa samaki. "Karamu."

Boma la Sirisia lilikuwa bado na harufu ya harusi. Turubai lilikuwa limeanikwa kwenye ua, sufuria kubwa zimepinduliwa juani, na matope ya mvua ya jana yalihifadhi nyayo za wageni wote. Mama mmoja mwenye mikono ya masizi aliwalaki mbio mbio. Alijitambulisha kuwa Phelista, shangazi wa bibi harusi, na msimamizi wa vyungu vyote.

"Mulembe, mama," Nelima akamsalimu.

"Mulembe muno! Karibuni, karibuni. Chakura kubwa mmekosa jana, lakini kuku hawezi kosa. Ngoja nishike mmoja."

"Tuko kazini, mama. Chai tu."

"Chai tu? Mgeni anakunywa chai tu kwa hii boma? Watu watasema nini?"

Kigen alitazama kuku akipita zake na uso wake ukaeleza yote. Nelima akashikilia chai, ila akakubali iwe na mkate, na hapo Phelista akatulia kidogo.

"Tunauliza kuhusu Hesbon Khaemba. Jana alikuwa hapa?"

"Huyo!" Phelista akapiga makofi ya kukerwa. "Huyo ametuaibisha. Alifika asubuhi na mfuko yake, akaingia moja kwa moja kwa nyumba ya mama yangu. Wakaenda kanisa, wakarudi. Chakura inapakuriwa, yeye anasema ati anarudi Kitare, ameona bosi amempigia simu. Mvua inanyesha namna gani! Hajakura hata kipande. Mtu anaenda harusi anaruka nyama?"

"Alichangia nini? Ng'ombe? Mchele?"

"Hesbon? Hata kuku hakureta. Na sikumuraumu, ako na shida zake. Lakini kuondoka bira kukura, hiyo ndio iriniuma."

Kigen akafunga kitabu chake taratibu. Ng'ombe wake wa wizi, mchele wake na soda zake, vyote vilikuwa vimeyeyuka. Mtu aliiba kwa ajili ya karamu, kisha akaikimbia kabla ya kunawa mikono?

Nelima alikunywa chai yake. Karamu ilikuwepo, Hesbon alikuwepo, na bado viwili hivyo havikushikana. Alisimama kuaga, akamwomba Phelista ampigie iwapo atakumbuka lolote.

"Nitapiga," Phelista akasema, akirarua kipande cha katoni ya soda. "Nipee karamu niandike namba yako."

Nelima akachomoa biki mfukoni na kumpa. Phelista akaipokea, akaegemeza katoni kwenye paja, akangoja namba. Namba haikuja. Inspekta alikuwa amesimama na mkono hewani, anaitazama ile biki.

Yeye mwenyewe alizaliwa Kimilili. Yeye mwenyewe alichapwa darasa la nne kwa kuandika *karamu ya risasi*, mpaka ulimi ukanyooka. Na ni yeye huyo, mchana huu huu, aliyemwambia Kigen kwa kujishaua kwamba L na R hubadilishana viti. Alicheka kwa sauti, na Phelista akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Kigen," akasema. "Mama huyu ameniomba nini?"

"Karamu, Madam. Ameomba kar..." Aliitazama biki, akamtazama Phelista, akaitazama biki tena. "Haiwezekani."

"Wewe ulisikia vizuri na ukaandika vizuri. Kosa ni kwamba sote wawili tulifikiria nyama." Nelima akamgeukia mwenyeji wake. "Mama, katika boma hili, ni nani aliyehitaji kalamu jana?"

Phelista akamrudishia biki kama iliyokuwa na moto. Macho yake yalikimbilia nyumba ndogo ya mabati iliyokuwa upande wa chini, na kwa mpelelezi hilo lilitosha.

Mwanamke mzee aliyeketi mlangoni pa nyumba ile alikuwa amejifunika leso mapajani, na mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya leso. Kila mtu Sirisia alimwita Mwalimu Dinah. Maisha yake yote alifundisha ngumbaru, watu wazima waliokosa shule utotoni: wachungaji wa ng'ombe, wauza ndizi, akina mama waliokuja darasani na mtoto mgongoni. Mwaka uliopita kiharusi kilimpitia, kikamwachia miguu na maneno, kikaondoka na vidole vya mkono wa kulia. Haya Nelima aliyapata kwa Phelista njiani, mengine aliyaona kwa macho. Juu ya meza ndogo palikuwa na mpini wa raketi ya mbu.

"Mulembe, Mwalimu."

"Mulembe muno. Wewe ni wa wapi, binti yangu?"

"Kimilili. Lakini nafanya kazi Kitale, polisi."

"Vizuri. Serikari ni ya wote."

"Raketi hii haina wavu, Mwalimu."

"Mbu wa siku hizi hawaogopi wavu."

Kigen akakohoa kuficha kicheko. Nelima akavuta kigoda, akaketi.

"Jana mjukuu wako ameolewa. Hongera. Nimesikia wewe ndiye ulikuwa shahidi wake."

"Nasambu nirimrea mimi. Nani mwingine angekuwa shahidi?"

"Na shahidi lazima atie sahihi cheti mbele ya kasisi." Nelima akaacha kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, "Nafikiri walikuletea kidau cha wino, ukatia dole gumba."

Mwalimu Dinah aliinuka nusu kitini. "Dore gumba? Mimi? Nitie dore gumba mbere ya watu niriowafundisha? Kira mmoja wao ariapa hatatia dore tena, na wote warikuwa kanisani wananitazama! Niriandika jina rangu. Rote. Dinah Nabwire, kwa mkono wangu!"

"Kwa mkono upi, Mwalimu?"

Kuku alipita mlangoni, akadonoa, akaenda zake. Mwalimu Dinah akaketi. Kwa muda alionekana kama mwanafunzi aliyenaswa na jibu kwenye kiganja, halafu mdomo wake ukaanza kucheza, akacheka.

"Umesomea kazi yako," akasema. "Rakini sitasema kitu. Niriahidi."

"Ulimwahidi Hesbon. Alikuambia Enjinia hana ruhusa ya kumvalisha mtu, na ikijulikana atafungiwa. Kwa hivyo mkakubaliana kunyamaza."

"Kama unajua, kwa nini unauriza?"

"Kwa sababu Hesbon yuko seli tangu jana jioni. Kesho anapelekwa kortini kwa wizi."

Kicheko kikafutika. Mwalimu Dinah hakujua. Hakuna aliyejua pale. Wote walidhani yuko kazini Kitale, amekasirikiwa kidogo na bosi, basi.

"Huyo arikuja kwangu akiwa mtu mzima, anachunga ng'ombe za watu," alisema. "Nirimfundisha kuandika jina rake kwa kijiti, kwa hii ardhi hapa. Siku arioriweza, aririzunguka hiro jina akiogopa kurikanyaga. Juzi akaniambia, Mwarimu, wewe urinipa karamu, sasa ni zamu yangu. Mimi ndiye niriomba, binti yangu. Nirirogwa na kiburi. Na sasa ararie simiti kwa sababu ya jina rangu?"

"Glavu iko wapi?"

"Mvua iripiga jana kama mawe. Angebeba, ingerowa, ingekufa. Tukasema atairudia reo, ikiwa jua."

Nelima akatazama pande zote. Udongo wa sakafu ulikuwa na unyevu, kuta zilikuwa na unyevu, hata leso ya mwalimu ilikuwa na ubaridi wa mvua. Katika boma la mkulima, ni kitu gani hulindwa dhidi ya maji kuliko hata watu? Akainuka, akaingia jikoni, akainua macho kwenye dari lililofukizwa moshi wa miaka mingi. Pale juu ya moto palikuwa na debe lililofungwa kwa kitambaa.

"Mbegu ya maharagwe," akasema.

"Mbegu ya maharagwe," Mwalimu akakubali kutoka mlangoni, kwa sauti ya kutoa maksi.

Kigen alipanda, akateremsha debe. Katikati ya mbegu kavu, ndani ya kopo lililofungwa vizuri, glavu ilikuwa imelala na misuli yake ya plastiki, haina hata tone. Mwalimu Dinah alikwisha kujifunga kitambaa cha kichwa na alikuwa anamwita Phelista amshikie jogoo.

"Mama, sisi hatuwezi kupokea kuku," Kigen akasema, na ilimgharimu.

"Nani amesema ni wako? Twende Kitare."

Alasiri ilikuwa haijaisha walipofika kituoni. Jerop alikuwa ameitwa na alikuwa anangoja kwenye benchi. Kigen, kwa mazoea ya kazi, alipomwona mzee mwenye mkono uliolegea alitoa kidau cha wino na kukiweka mezani.

"Hicho ni cha nini?" Mwalimu Dinah akauliza.

"Cha taarifa yako, mama. Kidole."

"Kijana, toa hicho kitu mbere yangu."

Kidau kikarudi droo. Hesbon akaletwa. Alipomwona nani ameketi pale alisimama ghafla hata askari nyuma yake akamgonga.

"Mwarimu, si turikubariana hutasema?"

"Turikubariana pia utarara kwako, si seri. Keti."

Akaketi. Jerop naye akasimama. Alikuwa ameiona glavu mezani, na furaha na hasira vilikuwa vinagombania uso wake.

"Hesbon, nilikuambia nini kuhusu hiyo glavu?"

"Nisivarishe mtu."

"Na ukamvalisha nani?"

"Mimi," Mwalimu Dinah akasema. "Na niriomba mwenyewe. Kama kuna wa kushtakiwa, karamu iriyoandika ni yangu."

Jerop alimgeukia, akauona mkono.

Nelima akaingilia kati, kwa sauti ya kazi. "Wizi kisheria unataka nia ya kumnyima mwenyewe mali yake. Hesbon, ulitaka kurudisha lini?"

"Reo. Kabra ya wageni wa kesho."

"Mhandisi, malalamiko ni yako. Unaendelea nayo?"

Jerop alikuwa bado anautazama mkono wa Mwalimu. "Ilifanya kazi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Kwa mtu... ilifanya kazi?"

Hesbon alipiga magoti mbele ya mwalimu wake, akavuta glavu kidole kwa kidole kwa uangalifu wa mtu anayemvisha mtoto, akaunganisha nyaya kwenye mpini wa raketi, akamwekea swichi mkono wa kushoto. Mwalimu Dinah akabonyeza. Saketi ikalia sauti nyembamba, ya mbu hasa, na vidole vilivyokuwa vimelala mwaka mzima vikajikunja, vikajifunga juu ya biki ya Kigen, vikaishika.

Mhandisi Rosaline Jerop akaketi tena kwenye benchi. Alikuwa ameuona mkono wa mbao ukifanya hivyo mpaka ukamchosha. Huu ulikuwa na mishipa, na makunyanzi, na kovu la kisu cha jikoni.

"Kongoi," akasema, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. "Kongoi. Kongoi."

"Wewe unashukuru nini?" Mwalimu akamuuliza. "Kushukuru ni kazi yangu. Huyu jogoo ni wako. Ningereta ng'ombe kama wasingemchinja jana."

"Naondoa malalamiko," Jerop akasema, akijifuta. "Na kesho nitawaambia wageni ukweli wote. Wakinifungia, basi. Nimeshaiona. Utakuja, Mwalimu? Hutavaa mpaka waruhusu, lakini waambie ulichofanya."

"Nitakuja. Nisimame huko mbere na niseme, nani atanikataza?"

Hesbon alikuwa bado kwenye magoti yake. Alimtazama Enjinia, kisha Inspekta, kisha sakafu. "Asanteni," akasema. "Sijui niseme nini ingine."

Nelima akarudi kwenye utaratibu. Faili haliwezi kufungwa likiwa na neno la uongo ndani yake. Akaitoa ile taarifa fupi ya Jumamosi, akaitandaza mezani.

"Kigen, sahihisho hufanywaje?"

"Neno linakatwa mstari mmoja, Madam. La sawa linaandikwa juu yake na aliyetoa taarifa, halafu afisa anatia sahihi kando." Akatoa biki yake nyekundu ya namba za kesi. Alimtazama Hesbon, masikio yamemwiva. "Pole, ndugu yangu. Nilisikia chakula."

"Si kitu, afande. Hata mimi nirikuwa na njaa."

Kigen akapitisha mstari juu ya neno mahali pote pawili. Hesbon akainama juu ya karatasi, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo, akaandika polepole kama mtu anayeandika ardhini kwa kijiti. Mwalimu Dinah alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, kama alivyosimama nyuma ya mabega mengi.

"Soma," akamwamuru.

Palikuwa pameandikwa, kwa herufi safi zisizo na shaka, *kalamu*.

"Karamu," Hesbon akasoma.

"Sawasawa kabisa," Mwalimu akasema. Akaomba ile biki nyekundu, akabonyeza swichi, na saketi ikalia. Vidole vikafunga, na kando ya neno lile, penye nafasi ya sahihi ya afisa, akaweka tiki kubwa.

Koplo Kigen akafungua mdomo kusema kwamba hii ni hati ya serikali. Akamtazama Inspekta Nelima, akamtazama Mwalimu, akaufunga.